Prompta, kadi, kukariri au kuongea tu: maneno yako yakae wapi ukiwa mbele ya kamera?

"Dada, nani amesimama begani kwangu?"

Mpigapicha aliniuliza hivyo tukiwa katikati ya kurekodi, na akageuka kabisa kuangalia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na karatasi niliyoibandika kwenye stendi ya taa, shibiri moja pembeni ya lenzi, na macho yangu yalikuwa yakikimbilia huko kila baada ya sentensi. Nilidhani ninaiba kwa ustadi. Tulipoirudisha picha nikajiona: mtu anayezungumza na wewe huku akimvizia jirani yako.

Tangu siku ile, mtu akiniambia "nakakamaa mbele ya kamera, nifanyeje?", siulizi kwanza habari za nguo, mwanga wala pumzi. Namuuliza maneno yake ameyaweka wapi. Macho huenda yaliko maneno, uso hufuata macho, na sauti haiko mbali. Mengi tunayoyaita woga wa kamera ni mtu anayehangaika kuitafuta sentensi inayofuata.

Maneno yana mahali panne pa kukaa: kwenye kioo cha prompta, ule mtambo unaokuonyesha maandishi mbele ya lenzi, kwenye kadi mkononi, kichwani yakiwa yamekaririwa neno kwa neno, au hayapo popote, yaani una hoja tu na maneno yanazaliwa palepale. Kuna na ile njia ya baadhi ya waigizaji, kujirekodi kisha kuisikiliza sauti yako sikioni na kuirudia ikiwa nusu sekunde mbele yako. Hiyo inataka mazoezi mengi mno, naiacha.

Tunapima nini

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali yaleyale matano.

*Macho.* Mtazamaji atahisi unamtazama yeye? Hapa ipo hesabu kidogo. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kamera na maandishi yakawa sentimita 10 pembeni ya lenzi, macho yako yanakwenda kando kwa nyuzi 9 hivi, na kila mtu anaona. Rudi nyuma hadi mita 2.5, maandishi yabaki palepale, pembe inashuka mpaka nyuzi 2 na ushee, na wengi hawatagundua. Tena mtazamaji husamehe macho yanayoshuka chini kidogo kuliko yanayokimbia pembeni. Mtu anaweza kununua kamera mpya wakati dawa yake ilikuwa kusogeza kiti.

*Sauti.* Unasikika unasema, au unasikika unasoma?

*Uhakika wa maneno.* Majina, vyeo, takwimu, na zile kauli ambazo ukikosea neno moja unaweza kuitwa na wakili.

*Jambo likiharibika.* Mtambo ukigoma, ukisahau, mgeni akichelewa, nini kinabaki mkononi mwako?

*Maandalizi.* Muda, vifaa na watu unaowahitaji kabla taa nyekundu haijawaka.

Prompta

Prompta ilizaliwa kwenye shida ya kukariri. Mwaka 1950 vipindi vingi vya televisheni ya Marekani vilirushwa moja kwa moja, na waigizaji walilazimika kumeza maneno mapya siku baada ya siku. Mwigizaji Fred Barton alitaka msaada, na pamoja na Irving Kahn na mhandisi Hubert Schlafly wakatengeneza mtambo wa karatasi inayojiviringisha ndani ya sanduku. Ya leo ni skrini iliyolala chini ya lenzi, na mbele ya lenzi kioo kilichoinama nyuzi 45. Wewe unaona herufi zikipanda kwenye kioo. Kamera iliyo nyuma yake haizioni.

*Macho.* Hakuna njia nyingine inayokuruhusu kusoma huku ukitazama katikati ya lenzi. Lakini ina maradhi mawili. La kwanza ni macho kutembea kushoto kulia, na dawa yake ni kurudi nyuma na kuufanya mstari uwe mwembamba. Kwa Kiswahili wembamba huo una mwisho, maana neno kama "hawakuwasilishiwa" peke yake linaumeza mstari mzima. Mimi huweka maneno manne kwa mstari, yakizidi ni matano. La pili ni kukodoa. Mtu anaposoma hupepesa macho mara chache kuliko anapozungumza, matokeo yake unapata macho ya samaki wa sokoni. Weka alama ya mkwaju (/) kwenye skripti mahali pa kupumua, na ukifika hapo pepesa, shusha bega, endelea.

*Sauti.* Anayeendesha prompta ndiye anayekufuata wewe. Wageni wa studio hawalijui hili, hivyo hukimbizana na herufi kama abiria anayelifukuza basi. Jaribio ni rahisi: wakati wa mazoezi nyamaza katikati ya sentensi. Maandishi yakiendelea kupanda, zungumza na mwendeshaji kabla ya kuanza. Ukitumia programu ya simu yenye kasi moja isiyobadilika, adabu hiyo haipo, na itabidi uipime kasi mwenyewe. Usichukue kipimo cha lugha nyingine. Kwa Kiingereza habari husomwa kwa maneno 150 hivi kwa dakika, lakini neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo idadi yetu ni ndogo zaidi. Soma kwa sauti dakika moja, hesabu, kisha tumia namba yako.

*Uhakika wa maneno.* Hapa prompta inaongoza, kwa sharti kwamba maandishi yameandikwa kwa ajili ya mdomo. Skripti ikisema "vijiji 32 na watu 345", jicho linaona namba ila ulimi unadaiwa ngeli: vijiji thelathini na viwili, watu mia tatu arobaini na watano. Kazi hiyo ya ngeli ubongo unaifanya huku unatabasamia lenzi. Niliwahi kusema "vijiji thelathini na mbili" tukiwa mubashara, nikajisikia, nikarudi kurekebisha, na nilipoinua macho mstari uliofuata ulikuwa umekwenda. Siku hizi namba naziandika kwa maneno. Saa naziandika ninavyozitamka, saa nane mchana, si 14:00. Jina geni naliandika kama linavyosikika na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, vinginevyo ulimi wetu utaupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea tu.

*Jambo likiharibika.* Tarehe 22 Septemba 1993 Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuhutubia kuhusu afya, akakuta kwenye prompta hotuba nyingine, ya zamani. Alizungumza dakika kadhaa bila msaada wake huku wasaidizi wakihangaika kuibadilisha. Yeye aliijua hoja yake. Wewe uwe na karatasi mezani, na uzigeuze ukurasa kwa ukurasa kadiri unavyosoma, hata kama huzitazami. Karatasi iliyobaki ukurasa wa kwanza haitakuokoa ukurasa wa saba.

*Maandalizi.* Makubwa kuliko ya njia zote. Skripti kamili, mtambo, na mara nyingi mtu wa kuuendesha, ingawa kuna studio ambazo msomaji huuendesha mwenyewe kwa kanyagio la mguu. Kioo kile pia hula sehemu ya mwanga, hivyo picha iliyokuwa inapendeza bila prompta huingia giza kidogo.

Inamfaa msomaji wa taarifa ya habari, mtoa tamko rasmi, na mtu mwenye mengi ya kusema kwa usahihi ndani ya muda uliokatwa. Haimfai asiyejua kusoma kwa sauti ya mazungumzo. Huyo prompta humwanika.

Kadi mkononi

*Macho.* Yatashuka, na si kosa. Mtazamaji amezoea kumwona mwendesha mahojiano akitupia jicho maelezo yake. Kinachoudhi ni kuzungumza huku umeinama. Watangazaji wa zamani wana utaratibu ambao kwangu ni chota, inua, sema: chota maneno kwa jicho ukiwa kimya, inua uso, ndipo ufungue mdomo. Na usishushe macho kabla hujamaliza neno la mwisho, maana mwisho wa sentensi ndipo mtu huamua kama umemwambia yeye au umeiambia kadi. Ishike karibu na kifua, usawa wa chini ya fremu, ili jicho lisafiri kidogo.

*Sauti.* Inategemea umeandika nini. Kadi yenye sentensi kamili ni prompta mbaya. Kadi yenye maneno matano makubwa inakulazimisha kuunda sentensi mwenyewe, na sauti inakuwa hai.

*Uhakika wa maneno.* Wa kati. Jina, cheo na takwimu ziandike zilivyo, mengine yabaki vidokezo. Nukuu ya mtu isome waziwazi, tena kadi ionekane: "Amesema hivi, namnukuu." Mtazamaji anakuamini zaidi.

*Jambo likiharibika.* Kadi haizimiki. Huanguka tu. Zitie namba, andika upande mmoja, na tumia karatasi ngumu. Karatasi laini ya printa hutetemeka hata kama mkono wako umetulia, na maikrofoni ya kifuani huukamata mchakacho wake wote. Kipindi cha vichekesho cha Marekani, Saturday Night Live, kinarushwa mubashara na bado kinatumia makadi makubwa ya kuandikwa kwa mkono yanayoshikwa karibu na kamera, kwa kuwa mstari ukibadilika dakika ya mwisho, kalamu inatosha.

*Maandalizi.* Saa moja au mbili, na kazi ngumu ni kufuta. Ukiwa na kadi 15 kwa mahojiano ya dakika 10, bado hujaamua unataka kuuliza nini.

Zinamfaa mwendesha mahojiano, mshereheshaji, mchambuzi aliyealikwa studio. Hazimfai ripota aliyesimama nje kwenye upepo, mkono mmoja ukiwa na maikrofoni.

Kukariri neno kwa neno

*Macho.* Yako huru kabisa, na hilo ndilo linalowavutia wengi. Ila mtu anayekumbuka naye husoma, anasoma dari. Ukijitazama ukaona macho yanaruka juu kulia kila unapoanza sentensi mpya, hujakariri bado, umezoea tu.

*Sauti.* Kuna lahani ya mwanafunzi anayeghani shairi mbele ya darasa: inapanda, inapanda, inashuka, pumzi, inapanda tena. Aliyekariri nusu huangukia hapo. Aliyekariri hadi maneno yakawa yake haangukii. Kipimo changu ni hiki: sema maneno yako yote huku unaosha vyombo au unafunga kamba za viatu. Mikono ikisimama kila unapotafuta neno, rudi kazini.

*Uhakika wa maneno.* Mkubwa siku ukiwa mzima, mdogo siku ukiwa na presha. Takwimu ndizo hukimbia kwanza.

*Jambo likiharibika.* Hapa ndipo njia hii inapotisha. Maneno yaliyokaririwa hushikana kama shanga, uzi ukikatika zote zinamwagika. Ikiwa mnarekodi, hasara ni kuanza upya. Ikiwa ni mubashara, kimya cha sekunde tatu kina urefu wa barabara kuu.

*Maandalizi.* Siku, si saa. Na usambaze: dakika 20 kwa siku tatu hukaa kichwani kuliko saa moja usiku wa kuamkia kazi. Hermann Ebbinghaus aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1885, baada ya kujitesa mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na wanafunzi bado wanakesha.

Inamfaa ripota mwenye sekunde 20 au 30 mbele ya tukio, mtoa tangazo fupi, na yeyote anayetaka sentensi ya kwanza na ya mwisho ziwe za chuma. Zaidi ya dakika mbili, sijaona wengi wakiiweza bila kuwa waigizaji.

Kuongea bila maandishi

Tuondoe kwanza kosa moja la kuielewa. Anayeongea vizuri bila maandishi hakuja mikono mitupu. Amekuja na nguzo: hoja tatu, mfano mmoja kwa kila hoja, na anajua sentensi ya kufungia. Asichokuwa nacho ni maneno yenyewe.

*Macho.* Ya kawaida, ya mtu anayeongea na mtu. Hatari iko kwenye simu. Lenzi ya mbele iko juu, sura yako iko katikati ya skrini, na wewe unajitazama. Mtazamaji anaona unamtazama kidevu. Funika skrini kwa karatasi yenye tundu la lenzi, utashangaa.

*Sauti.* Nzuri kuliko zote, mpaka viraka vianze: "yaani", "kiukweli", "kwa hiyo", "nini hii", "sawa eeh". Mazungumzoni hakuna anayevihesabu, ila kamera inavikuza. Usijaribu kuvifuta vyote. Chukua kimoja, kile unachokipenda kuliko vingine, na mahali pake weka kimya. Mimi changu kilikuwa "kimsingi", nilikisema mara tisa katika dakika nne, na hakuna lolote kati ya yale lililokuwa la msingi.

*Uhakika wa maneno.* Ndipo njia hii inapopwaya. Utazunguka, utazidisha muda, utasema "wengi" mahali pa kutaja idadi. Kwenye habari za mahakama au tuhuma dhidi ya mtu, usiitumie. Neno "mtuhumiwa" likiteleza likawa "mhalifu", hakuna kuhariri kwenye matangazo ya moja kwa moja.

*Jambo likiharibika.* Huyu ndiye anayebaki amesimama. Mitambo izime, mgeni achelewe, mwongozaji amwambie sikioni "ongeza dakika moja", ataendelea. Watu wa studio wanampenda kwa hilo.

*Maandalizi.* Ya siku ile ni madogo. Ya nyuma yake ni miaka ya kuijua mada, na hicho kipengele hakinunuliwi.

Inamfaa mtaalamu kwenye mada yake, mtangazaji wa michezo, mwenye chaneli anayezungumza na watu walewale kila wiki. Mgeni wa mada asidanganywe na wepesi wake.

Watu wanavyochanganya

Kwa kweli ni wachache wanaokaa kwenye njia moja. Wengi ninaowajua hukariri sentensi ya kufungulia, kwa kuwa sekunde kumi za mwanzo moyo unadunda na akili haipatikani, kisha wanahamia kwenye kadi au hoja. Wengine huandika skripti yote, wanaisoma kwa sauti mara tatu, halafu wanaiacha mezani na kuingia na kadi moja. Mimi niko kundi hilo. Mseto usiokwenda ni prompta na kuchomekea ya kichwani katikati: mwendeshaji hajui umeondoka, hajui utarudi wapi, nawe unarudi kukuta aya imepita. Ukitaka kuchomekea, andika kwenye skripti neno "NAONGEA" mahali pake, naye atasimama akusubiri.

Kulingana na hali yako

Ikiwa unaanza kusoma habari studio, anza na prompta ila usiizoee kabla hujaweza kadi, kwa sababu siku itakapozima hakuna atakayekuuliza una uzoefu wa miezi mingapi.

Ikiwa umealikwa mahojiano kama mgeni, wacha skripti kabisa. Beba kadi moja yenye hoja tatu na takwimu mbili, na umtazame anayekuuliza. Lenzi si kazi yako, isipokuwa mmeunganishwa kwa mtandao na yeye yuko kwingine. Hapo lenzi ndiyo uso wake.

Ikiwa ni ripota wa nje, kariri ya kwanza na ya mwisho, katikati sema unachokiona. Jina la mahali na idadi ya watu viandike kiganjani ukilazimika. Wengi tumefanya hivyo.

Ikiwa unajirekodi mwenyewe kwa simu na unaweza kuhariri, ongea bila maandishi, kipande kwa kipande, sentensi mbili tatu kisha kata. Mada yako ikiwa na takwimu nyingi, weka programu ya prompta lakini simu iwe mbali, mita moja na nusu au zaidi, kwa herufi kubwa.

Ikiwa unasoma tamko la taasisi ambalo kila nukta imepitiwa na watu sita, ni prompta au karatasi mezani, na soma waziwazi. Hakuna anayetarajia liwe la moyoni.

Na ikiwa bado unasuasua, chukua dakika mbili za maneno yako uzirekodi kwa njia zote nne siku moja. Zitazame kwanza ukiwa umezima sauti, uone macho. Kisha geuza simu kifudifudi, usikilize tu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba njia iliyokupendeza bila sauti siyo iliyokupendeza bila picha, na hapo mpe mtu wa tatu achague, ikiwezekana asiwe anayekupenda sana.